Sumu ya viazi vya kijani yaundwa wapi?

Msomaji wetu wa Kisauni ameuliza hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Nauza viazi karai na bhajia kila jioni baada ya magharibi. Nilinunua gunia Kongowea nikaliacha barazani mdomo wazi, siku nne au tano. Viazi vya juu vimegeuka kijani na vingine vimeanza kuota macho. Mume wangu asema hiyo ni sumu, nitupe gunia zima. Jirani yangu asema ni rangi tu, mafuta yakishapata moto sumu yote hufa. Mama mkwe naye ana lake: eti kiazi na mnavu ni ukoo mmoja, na mnavu twala kila wiki, mbona hatufi? Hiyo sumu yatoka wapi hasa: mchangani, kwenye dawa za kupulizia shamba, au kiazi chenyewe? Na gunia langu nilifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Sumu hiyo kiazi chenyewe ndicho kinachoitengeneza. Haikupanda kutoka mchangani, wala haikuletwa na dawa ya shambani. Kiazi kilichokuzwa kwa samadi tupu, kisichowahi kupuliziwa kitu, ukikianika juani kitaitengeneza vilevile. Kuhusu gunia, mumeo na jirani yako kila mmoja ameshika nusu ya ukweli: usilitupe lote, na usilikaange lote. Nitafika huko. Lakini umeuliza yatoka wapi "hasa", na neno hilo ndilo lililonikalisha nikuandikie kwa urefu. Anayejua sumu inaundwa sehemu gani ya mmea hana haja ya kukariri makatazo. Atajua mwenyewe kisu kipite wapi.

Mama mkwe hakukosea kuhusu ukoo. Kiazi na mnavu ni ndugu wa karibu sana, wa jenasi moja pamoja na nyanya na biringani, na jenasi hiyo huitwa Solanum. Ukoo mzima, Solanaceae, una spishi zipatazo 2,700. Pilipili unayotia kwenye ukwaju imo. Tumbaku ya kwenye tambuu imo. Mtunguja, ule wenye vijiba na vitunda vya manjano kando ya njia za mashamba, umo. Na mnanaha, wenye maua marefu kama tarumbeta na tunda lenye miiba, nao umo. Kiazi kitamu hakimo, ingawa tumevipa jina moja. Hicho ni cha ukoo mwingine, na haya ninayoyasema hayakihusu.

Sifa iliyoupa ukoo huu jina zuri na jina baya ni ufundi wake wa kuunda alkaloidi. Alkaloidi ni kampaundi zenye nitrojeni ambazo huundwa hasa na mimea, na nyingi ni chungu. Kafeini iliyomo katika kahawa tungu inayomiminwa kutoka kwenye dele kule Mji wa Kale ni alkaloidi. Kwinini tuliyomeza zamani kwa ajili ya malaria ni alkaloidi. Mmea huziunda kwa gharama, maana nitrojeni mara nyingi ni haba mchangani, na ile iliyotumika kwenye sumu haitatumika tena kukuza jani au mbegu. Kwa hiyo mmea hauzimwagi ovyo. Huziweka nyingi pale ambapo kuliwa kungeuumiza zaidi: kwenye chipukizi, kwenye ua, kwenye tunda lisiloiva, kwenye ngozi inayogusana na ulimwengu wa nje. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji jikoni.

Sumu ya kiazi ni mbili zinazoandamana, solanini na chakonini. Solanini ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1820 na mfamasia wa Kifaransa, Desfosses, na hakuitoa kwenye kiazi. Aliitoa kwenye vitunda vya mnavu mweusi. Mama mkwe atapenda kulisikia hilo.

Wahenga wetu wa pwani walisema usione vyaelea, vimeundwa, na sijapata msemo unaoifaa molekuli hii kuliko huo. Kama jahazi, huundwa kwa mbao za kawaida kabisa. Mbao ya kwanza ni kolesteroli. Ndiyo, ileile ambayo daktari huipima kwenye damu. Watu wengi hudhani mimea haina kolesteroli; inayo, ila kidogo. Seli ya mmea hujenga mafuta ya aina hiyo kwa kuunganisha vipande vidogo vya kaboni vinavyotokana na sukari iliyotengenezwa kwa jua, na kwa kawaida sehemu kubwa huishia kwenye utando unaoizunguka kila seli. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi kama fundi ndani ya seli, kinachouchepusha mkondo huo na kutengeneza kolesteroli ya ziada. Watafiti wa Japani walikieleza mwaka 2014, na walipokizima, kiazi kilitengeneza sumu kidogo kuliko kawaida yake.

Kutoka hapo mafundi hupokezana. Vimeng'enya kadhaa hubandika oksijeni kwenye mkia wa kolesteroli, mahali baada ya mahali. Halafu huja hatua ambayo mimi huipenda kuliko zote ninapofundisha: kimeng'enya kimoja huchukua nitrojeni kutoka kwa asidi-amino na kuipachika palepale palipotayarishwa na oksijeni. Kabla ya hatua hiyo tulikuwa na kitu cha jamii ya mafuta tu. Baada yake tuna alkaloidi. Mkia hujikunja na kujifunga kuwa pete, na kinachopatikana huitwa solanidini. Hapo kazi haijaisha. Solanidini huvishwa sukari tatu, moja baada ya nyingine. Ikivishwa galaktosi, glukosi na ramnosi, inakuwa solanini. Ikivishwa glukosi moja na ramnosi mbili, inakuwa chakonini. Kiwiliwili ni kimoja, mikia ni tofauti, na mkia huo wa sukari si pambo: bila huo sumu haina nguvu ileile ya kupasua utando wa seli.

Jeni nyingi za kazi hii zilitangazwa kwa pamoja mwaka 2013 na watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli na wenzao. Waliona kwamba hazikutawanyika ovyo. Kundi kubwa limekaa jirani kwa jirani kwenye kromosomu ya 7 na nyingine kwenye ya 12, na mpangilio huo ni mmoja katika kiazi na katika nyanya. Mwaka 2024 ukaja ugunduzi mwingine kwenye jarida la Science: protini inayovishika vimeng'enya hivi pamoja, kama jukwaa linalowaweka maseremala karibu ili mbao isidondoke njiani. Mmoja wa mimea iliyotumika ni huohuo mnavu mweusi. Jeni ya protini hiyo ilipozimwa, mnavu ulikosa sumu zake, na wadudu wakaushambulia kwa urahisi.

Ndani ya mwili wetu sumu hizi hufanya madhara mawili. Kwanza hujibandika kwenye kolesteroli iliyomo katika utando wa seli zetu za utumbo na kuutoboa. Ndiyo sababu mtu huumwa na tumbo, hutapika na kuharisha. Pili, huzuia kimeng'enya kinachosafisha ujumbe wa neva ukishafika, na kipimo kikiwa kikubwa huja kizunguzungu, kuchanganyikiwa na udhaifu. Dalili zaweza kuanza baada ya nusu saa au zikachelewa nusu siku na zaidi, ndiyo maana mteja akiugua usiku hatafikiria kiazi alichokula jioni.

Sasa niruhusu nitoke kwenye kiazi kidogo, kwa sababu ndugu zake wataeleza jambo ambalo kiazi peke yake hakilielezi: kila mmoja ana karakana yake mahali pake.

Chukua tumbaku. Nikotini haitoki kwenye kolesteroli; huundwa kutoka kwenye asidi-amino za kawaida, na huundwa mizizini. Ikishakamilika hupanda na maji yanayopita kwenye shina, ikafika majani na kuwekwa humo. Mwanasayansi wa Marekani aitwaye Dawson alilithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa njia ambayo mkulima yeyote wa miembe Kilifi ataielewa, yaani kupandikiza. Alipandikiza kichwa cha nyanya juu ya mizizi ya tumbaku, na majani ya nyanya yakajaa nikotini. Akapandikiza kichwa cha tumbaku juu ya mizizi ya nyanya, na majani ya tumbaku yakakosa karibu nikotini yote. Ni jaribio safi sana. Kisu kimoja na mimea miwili vilitosha kuonyesha kwamba jani ni ghala tu, na kiwanda kiko chini ya ardhi.

Na jani likitafunwa, mizizi hujuaje? Jani lililojeruhiwa hutengeneza homoni za jamii ya jasmoneti, ujumbe hufika mizizini, na mizizi huongeza nikotini. Jina hilo linatokana na asumini, maana mojawapo ya kampaundi hizo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962 ndani ya mafuta ya maua ya jamii ya asumini. Kwa hiyo ukipitiwa na bibi harusi mwenye kikuba kichwani, ndani ya harufu ile mna chembechembe za lugha ambayo tumbaku huitumia kuamuru sumu. Wakulima wa tumbaku hulitumia jambo hilohilo bila kulitaja jina: hukata kilele chenye maua, na majani yaliyobaki hupata nikotini zaidi.

Mnanaha huanza na hatua zilezile za tumbaku, mizizini vilevile, kisha njia huachana. Badala ya nikotini unaunda hiosiamini na skopolamini. Hizi hukausha mate, hupanua mboni ya jicho, huupiga moyo mbio na kumfanya mtu aone yasiyokuwepo. Hospitalini, kwa kipimo cha daktari, atropini inayotokana na hiosiamini huokoa mtu aliyekunywa aina fulani za dawa ya wadudu, na madaktari wa macho huitumia kufungua mboni. Nje ya hospitali haina mswalie Mtume. Uganda, mwaka 2019, unga wa uji wa chakula cha msaada uliochanganyika na sumu za jamii hii uliwafanya mamia ya watu waugue na watano wakafa. Mbegu za mnanaha hukua shambani pamoja na nafaka na huvunwa nayo. Ukichambua mahindi au maharage ukaona mbegu za kahawia au nyeusi, bapa, zenye umbo la figo dogo, zitoe zote.

Pilipili nitaipita upesi. Ukali wake, kapsaisini, huundwa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, si kwenye mbegu zenyewe. Mbegu huwasha kwa kugusana nao tu. Ukitaka ukwaju usiowachoma watoto, kwangua utando.

Turudi barazani pako. Kiazi kinatofautiana na tumbaku kwa jambo moja kubwa: hakitegemei sehemu nyingine ya mmea kukiletea sumu. Kila sehemu, jani, ua, shina na kiazi, hujiundia yake. Kimeshang'olewa Nyandarua au Meru, kimekatwa na mmea wake, kimepigwapigwa kwenye lori hadi Kongowea, na bado kina mafundi wote na malighafi yote ndani yake. Kinaendelea na kazi hadi siku unapokichemsha.

Tena kiazi si mzizi. Ni shina lililonenepa chini ya ardhi, na yale macho ni vichipukizi. Shina likiona mwanga hufanya kazi ya shina: hujitayarisha kuota na kuishi juu ya ardhi. Vile vibohari vidogo vya wanga vilivyomo kwenye seli za ngozi huanza kutengeneza klorofili, na ndiyo kijani unachokiona. Klorofili haina ubaya wowote. Ni ileile ya mchicha. Jirani yako ana haki kusema ni rangi tu. Lakini mwanga huohuo huamsha pia karakana ya solanini, kwenye tabaka lilelile la ngozi. Ni kazi mbili tofauti zinazoanza kwa amri moja. Kwa hiyo kijani si sumu, ni shahidi kwamba kiazi kimekaa mwangani.

Shahidi huyo ana kasoro ambayo muuzaji lazima aijue. Kiazi kilichochubuka au kukatwa kwa jembe huongeza sumu hata gizani, bila kijani chochote. Na kiazi kinachoota huilimbikiza kwenye chipukizi na kuzunguka jicho, tena kwa wingi kuliko mahali pengine pote pa kiazi. Aina ya Shangi, ambayo ndiyo imejaa masokoni kwetu, ina usingizi mfupi sana baada ya kuvunwa. Katika joto letu la Mombasa huota haraka. Hilo si kosa lako. Ni tabia ya kiazi chenyewe ikikutana na hali ya hewa ya pwani.

Ni kiasi gani kinachodhuru? Kipimo kinachotumiwa na wengi kama mpaka ni miligramu 200 za sumu hizi katika kilo moja ya viazi vibichi. Kiazi kizuri kilichohifadhiwa vyema mara nyingi hakifiki 100, na kiasi kikubwa kipo kwenye ganda. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipopitia ushahidi mwaka 2020 iliona kwamba madhara ya tumbo yaweza kuanza kwa miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Fanya hesabu na mimi. Mtoto wa kilo 15 angehitaji miligramu 15. Kama kiazi kina 200 kwa kilo, miligramu 15 zimo ndani ya gramu 75 tu, yaani kiazi kimoja kidogo. Mtu mzima wa kilo 75 angehitaji kula mara tano ya hicho. Wateja wako wa jioni, wanaotumwa na shilingi mkononi, wengi ni watoto, na mimi hapo ndipo ninapokuwa mkali.

Haya si mambo ya kufikirika. Wavulana 78 wa shule moja ya London waliugua baada ya kula viazi vilivyobaki ghalani tangu muhula uliopita, na 17 kati yao walilazwa. Taarifa ya kitabibu ilichapishwa mwaka 1979. Wote walipona. Marekani nako, aina ya kiazi iliyoitwa Lenape, iliyosifiwa kwa krispi zake, iliondolewa sokoni mwaka 1970, miaka mitatu tu baada ya kutolewa, kwa sababu ilikuwa na sumu nyingi kwa maumbile yake, hata bila kuona jua.

Sasa hoja ya jirani yako kuhusu mafuta. Mamlaka hiyohiyo ya Ulaya ilikusanya vipimo: kumenya kulipunguza sumu kwa asilimia 25 hadi 75, kuchemsha na kumwaga maji asilimia 5 hadi 65, kukaanga asilimia 20 hadi 90. Ukitazama 90 peke yake utasema jirani ameshinda. Tazama 20. Pengo hilo kubwa ndilo linalonifanya nisiutegemee moto. Solanini inastahimili joto. Huhitaji joto kali kupita kabisa lile la maji yanayochemka ndipo ianze kuharibika. Tena kiazi karai ni kinene, kina maji, na kimevishwa unga. Maji yakiwa bado yamo, ndani yake joto halipandi sana zaidi ya nyuzi 100, hata kama nje panachemka vipi. Bhajia nyembamba hupoteza zaidi kwa sababu ni nyembamba, na sehemu ya sumu hutoka na kubaki kwenye mafuta. Nawe najua, kama wauzaji wengi, mafuta ya jana huyaongezea ya leo. Kwa hiyo kinachotoka kwenye kiazi kibaya chaweza kurudi kwa mteja mwingine kupitia karai.

Kuna jambo la viazi karai ambalo sijaona likisemwa, na linanisumbua. Mwili umejaliwa mlinzi wake: ulimi. Sumu hizi zikizidi kiasi fulani huleta uchungu, na zikizidi zaidi huwasha koo kama kitu kinachounguza. Mtu akila kiazi cha kuchemsha kitupu atautambua. Lakini kiazi karai tunakivika unga wa manjano, unaoficha kijani kisionekane kwa macho, halafu tunakimwagia ukwaju na pilipili, vinavyoficha uchungu na muwasho usitambuliwe kwa mdomo. Yaani chakula chetu tukipendacho kinamziba mlinzi macho na mdomo. Mteja hana njia ya kujua. Anayeweza kujua ni wewe peke yako, kabla ya kiazi kuingia kwenye unga.

Basi limwage gunia lote juu ya mkeka, mchana, penye mwanga mzuri. Visivyo na kijani, wala michubuko, wala macho yaliyoota, weka kando, hivyo ni vizima. Vyenye doa dogo la kijani, mchubuko mdogo au jicho lililoanza kuchomoza vinaokoka, lakini si kwa kumenya kwa mkono mwepesi. Menya ganda nene, kisha kata doa lenyewe kwa kina mpaka usione rangi, na jicho ulichimbue na nyama inayolizunguka. Wanaochemsha viazi na maganda yake kisha wakamenya, kwa viazi hivi wabadilishe: menya kwanza, ndipo uchemshe, na maji hayo uyamwage. Vilivyokuwa kijani upande mzima, vilivyonywea na kujaa vichipukizi, au ambavyo ukionja kipande kidogo kilichochemshwa kinakuwa kichungu, hivyo tupa. Usimpe mbuzi wa jirani, maana tumbo lake nalo lina seli. Mimi nimeshaziona jamaa zikigombana kwa ajili ya nusu debe la viazi vya namna hiyo, na naelewa, pesa ni pesa. Lakini hivyo vitupe.

Na mnavu? Mwambie mama mkwe aendelee kuupika, mimi mwenyewe nikiupata umepikwa kwa tui la nazi siachi kitu. Jibu lake limo kwenye ile kanuni ya gharama niliyoitaja mwanzo. Mmea huweka sumu nyingi kwenye vitunda vibichi vya kijani, ambavyo mbegu zake hazijakomaa na havitakiwi kuliwa bado. Majani machanga ya aina zinazolimwa yana kidogo, na bibi zetu, kwa kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi, waliendelea kupanda zile zisizo chungu sana. Kisha kuna ile desturi ya kuuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, ambayo hubeba sehemu ya uchungu. Kwa hiyo hatufi kwa sababu twala sehemu ya mmea iliyo salama, ya aina iliyochaguliwa, kwa mapishi yanayojua. Vitunda vya kijani visiingie sufuriani, na watoto wasivichezee kwa mdomo. Nyanya hufanya vivyo hivyo: ikiwa mbichi ina tomatini nyingi, ndugu ya solanini, na kadiri inavyoiva huigeuza kuwa kampaundi nyingine isiyo na uchungu wala nguvu ile. Mmea wenyewe hubomoa silaha pale mbegu zinapokuwa tayari kusafirishwa na mlaji.

Mtu akishakula akatapika na kuharisha, jambo la kwanza ni maji, maji ya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini. Mtoto mdogo, au mtu yeyote anayelegea, anayechanganyikiwa au asiyeweza kunywa, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi, na mumtajie daktari kwamba alikula viazi na vilikuwa vya namna gani.

Kwa gunia lijalo, nunua la siku tatu nne badala ya wiki mbili, hata kama bei ya jumla inavutia. Kongowea tazama lile lililo ndani ya kibanda, si lile lililokaa juani mbele ya duka tangu alfajiri, hasa kama ni gunia la nyavu linalopitisha mwanga. Nyumbani liweke chumbani penye giza na hewa, juu ya vipande vya mbao ili unyevu wa sakafu usilipate, na ulifunike kwa gunia la katani, si kwa nailoni, maana viazi vinapumua na nailoni itavitoa jasho. Friji si dawa yake. Baridi huugeuza wanga kuwa sukari, na bhajia zako zitaungua rangi kabla hazijaiva.

Na siku mteja akirudi na kiazi kilichoumwa kidogo, akasema kinamwasha koo, usimwambie ni pilipili ya ukwaju. Kipokee, pangusa unga, onja kidogo uteme. Ukikuta uchungu, rudisha pesa yake na usikaange vingine vya fungu hilo mpaka umevitazama upya kimoja kimoja.